Maradhi Yaliyolala na Dawa Inayoyaamsha: Homa ya Ini ya B Katika Tiba ya Saratani

Mtu anapougua saratani ya titi, au ya tezi, au ya damu, na akaanza kutiwa dawa za mshipani ambazo mitaani huitwa kemo, jamaa zake huwa wamekwisha kujiandaa kwa mambo wanayoyasikia kila siku: nywele kunyonyoka, kutapika, mdomo kukosa ladha, na mwili kudhoofu. Wasilojiandaa nalo ni kuona, baada ya miezi miwili mitatu, na pengine baada ya dawa kwisha na uvimbe kutoweka, macho ya mgonjwa yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi, tumbo likijaa maji, hata mgonjwa akapotewa na fahamu na kufariki kwa ini ambalo hakuna aliyejua kwamba lina ila.

Msiba wa namna hii ukitokea Kisauni hapa Mombasa, iwe Mtopanga au Mjambere, Bamburi au Magogoni, hutafutiwa sababu upesi matangani. Wako wasemao kwamba dawa zilikuwa kali kupita kiasi. Wako wanaoona kwamba saratani ilihamia katika ini. Na wako wanaonong'ona juu ya mkono wa hasidi. Sababu mbili za mwanzo zaweza kuwa kweli, kwani ziko dawa za saratani zinazolidhuru ini lenyewe, na ziko saratani ambazo makao yake ya pili ni ini. Walakini iko sababu nyingine ambayo aghalabu haitajwi matangani, nayo ni kirusi cha homa ya ini ya B, kilichokuwamo ndani ya mwili wa marehemu tangu utotoni, kimya, bila ya maumivu wala dalili, mpaka dawa za saratani zilipokiondolea kizuizi chake.

Makusudi ya makala haya ni kulichambua jambo hilo kutoka mizizi yake hadi matawi yake, na kutoa ithibati ya neno moja: kwamba miongoni mwa majanga yanayoweza kumpata mgonjwa wa saratani, hili ni katika yale machache yanayozuilika karibu yote, kwa kipimo cha damu kifanywacho kabla ya chupa ya kwanza kutundikwa, na kwa kidonge kimoja cha kila siku ambacho tayari kimo katika maghala ya dawa ya nchi hii.

Tabia ya kirusi chenyewe

Alama ya kwanza ya kirusi hiki iligunduliwa na Baruch Blumberg, mwanachuoni wa Marekani, katika damu ya mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa Australia. Khabari zake zilitangazwa mwaka 1965, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kirusi hukaa katika damu na katika majimaji ya mwili. Hupita kwa mama kwenda kwa mwanawe wakati wa kuzaliwa, hupita baina ya watoto wadogo wanaolelewa nyumba moja, hupita kwa jimai, kwa sindano iliyokwisha kutumiwa na mwingine, na kwa wembe usiosafishwa ipasavyo, uwe wa kinyozi, wa ngariba, wa mchanja chale au wa mwenye kuumika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi haya ya kudumu, na kwamba watu milioni 1.1 walifariki kwa sababu yake mwaka huo, akthari yao kwa ini kukauka na kwa saratani ya ini.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua hatima ya mtu. Katika watoto walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, tisa kati ya kila kumi hubaki na kirusi maishani mwao mwote. Bali katika watu wazima wenye afya, walio chini ya watano kati ya kila mia ndio wanaobaki nacho, na wengine huugua kidogo, au hawaugui kabisa, kisha miili yao hukishinda. Kwa hiyo mtu mzima wa Kisauni aliyebeba kirusi hiki leo yamkini alikipata kabla hajajua kusema, na hana kumbukumbu yoyote ya kukipata.

Ajabu ya kirusi hiki, na ndiyo chanzo cha mas'ala yote tunayoyazungumza, ni kwamba hata mwili ulioshinda haukitoi chote. Kirusi kikiingia katika seli ya ini huacha ndani ya kiini cha seli hiyo duara dogo la DNA yake, na duara hilo hukaa huko miaka na miaka. Mwili huweza kulinyamazisha, lakini haulifuti, wala hakuna dawa tuliyo nayo leo inayolifuta. Ndiyo maana, mintarafu ya homa ya ini ya B, watu hugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni la wasioambukizwa kamwe, wakiwamo waliochanjwa. La pili ni la wenye kirusi dhahiri, ambao kipimo cha ganda lake, kile ambacho wauguzi hukiita HBsAg, huonyesha kwamba kimo katika damu. La tatu, ambalo ndilo linalosahauliwa, ni la wale waliowahi kuambukizwa wakapona, ambao kipimo cha ganda hakionyeshi kitu, ila damu yao ina kingamwili zilizoundwa dhidi ya kiini cha kirusi, nazo ni shahada kwamba mgeni alipita na kwamba duara lake lingali limo katika ini.

Hali ya watu wa fungu la pili na la tatu ni kama mwamba ulio katika mlango wa bandari: bamvua likijaa, vyombo hupita juu yake na nahodha asidhani kwamba kuna kitu, maji yakitoka, mwamba ule ule uliokuwapo siku zote huivunja jahazi. Maji yanayoufunika mwamba huu ni kinga ya mwili, na kemo ndiyo inayoyatoa.

Jinsi dawa zinavyofungua njia

Dawa za saratani zimefanywa ziziue seli zinazogawanyika kwa haraka, na katika mwili wa binadamu seli za saratani si peke yake katika sifa hiyo. Uboho wa mifupa, unaozaa chembe za damu na askari wa kinga, nao huzaa mchana na usiku, na kwa hiyo hupigwa pamoja na uvimbe. Idadi ya askari hao ikipungua, lile duara lililonyamazishwa huanza kunakiliwa tena, virusi vipya vikatoka kwa mamilioni na kujaa katika seli za ini, na damu ikipimwa wakati huo huonyesha DNA ya kirusi ikipanda, ilhali mgonjwa mwenyewe hasikii chochote. Hiyo ndiyo daraja ya kwanza.

Daraja ya pili huja baina ya duru moja ya dawa na nyingine, au baada ya duru zote kwisha, wakati uboho unapopata nafuu na askari wa kinga wanaporejea kazini. Wakilikuta ini limejaa adui, huzishambulia seli zake zote zilizoingiliwa, na kwa kuwa ni nyingi, shambulio hilo huliteketeza ini lenyewe. Kirusi hiki, tofauti na watu wengi wanavyodhani, hakiui seli za ini kwa mikono yake. Madhara makubwa hufanywa na kinga inayorudi. Hapa tunafahamu kwa nini umanjano huja kwa kuchelewa, siku ambazo mgonjwa amekwisha kuambiwa kwamba anaendelea vizuri, na kwa nini jamaa wasiouona uhusiano wake na dawa za miezi iliyopita hutafuta sababu kwingineko.

Dawa zote haziko daraja moja. Zilizo nyepesi huamsha kirusi mara chache. Zilizo katika jamii ya doxorubicin, ile dawa nyekundu wanayoijua sana wagonjwa wa saratani ya titi, hukiamsha mara nyingi zaidi. Na dawa za jamii ya steroidi, kama vile prednisolone na dexamethasone, zina makosa mawili, kwa kuwa hupunguza kinga na papo hapo huugusa urithi wa kirusi katika mahali panapoitika kwa homoni hizo, zikakichochea kuzaa. Wataalamu wa Taiwan walilithibitisha jambo hili mwaka 2003 kwa wagonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi, waliokuwa na kirusi: waliotibiwa bila ya steroidi, 38 kati ya 100 waliamkiwa na kirusi katika miezi tisa, na waliotibiwa pamoja na steroidi, 73 kati ya 100. Jambo hili lapasa kuangaliwa kwa makini, madhali steroidi hizo hutiwa pia ili kuzuia kutapika, na kuonekana kana kwamba ni kiambatisho kisichohitaji kufikiriwa.

Iliyo kali kupita zote katika mlango huu ni rituximab, dawa ya limfoma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ambayo huzifagia seli za B, yaani wale askari wanaotengeneza kingamwili. Dawa hii imewapa uhai watu wengi mno, na tangu mwaka 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini nguvu yake hudumu miezi mingi baada ya dozi ya mwisho, na huweza kumwamsha adui hata katika wale wa fungu la tatu, ambao kila mtu alidhani kwamba walipona zamani.

Ujuzi huu ulivyopatikana

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 1975 Jack Wands na wenzake nchini Marekani waliandika juu ya wagonjwa wa saratani za damu na za tezi ambao alama za kirusi zilipanda na kushuka katika damu yao kwa kufuata mwendo wa dawa walizotiwa. Hong Kong, mahali ambapo kirusi hiki kilikuwa kimeenea sana, Anna Lok na wenzake walitangaza mwaka 1991 uchunguzi wa wagonjwa 100 wa limfoma: 27 kati yao walikuwa na kirusi dhahiri kabla ya tiba, na 13 katika hao, karibu nusu, walipatwa na homa ya ini kwa sababu ya kirusi kuamka. Mwaka 2003 Winnie Yeo na wenzake, huko huko Hong Kong, wakaonyesha kwamba jambo hili si la limfoma peke yake, kwani katika wanawake 41 wenye saratani ya titi na wenye kirusi, 17 waliamkiwa nacho, na akthari yao iliwabidi kuahirisha au kukatiza tiba.

Nukta hiyo ya mwisho haifai kupitwa haraka. Mtu huweza kunusurika na homa ya ini, lakini wiki anazongoja ini litulie ni wiki ambazo saratani imeachiwa uwanja, na tiba iliyokatwa katikati si tiba tena. Kwa hivyo kirusi huua kwa njia mbili, moja ya wazi na moja ya siri. Na aliyekufa kwa saratani iliyorejea baada ya kemo kukatizwa hawekwi katika hesabu ya waliouawa na homa ya ini.

Dawa ya kukizuia ilithibitishwa katika mwaka ule ule wa 2003, pale wagonjwa 30 wa limfoma wenye kirusi walipogawanywa sawasawa, nusu wakapewa lamivudine kabla ya kemo na nusu wakangojwa mpaka kirusi kionekane kinapanda: katika waliotangulizwa hakuna hata mmoja aliyeamkiwa, na katika waliongojwa wakaamkiwa wanane. Mwaka 2009 ikadhihirika khatari ya rituximab kwa watu wa fungu la tatu, ambapo watano kati ya 21 waliotiwa dawa hiyo pamoja na kemo waliamkiwa na kirusi, na hakuna hata mmoja kati ya 25 waliotiwa kemo bila ya dawa hiyo. Idara ya dawa ya Marekani ililiwekea jambo hili onyo lake la daraja ya juu kabisa Septemba 2013. Basi tangu mwaka huo, kwa uchache, hapana mtoaji wa dawa hiyo awezaye kusema kwamba hakuonywa.

Jambo hili na watu wa Kisauni

Afrika ya Mashariki si mgeni wa tiba ya kemo. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya ya watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake, na ambao katika Kenya huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na katika pwani yetu hii. Na katika miaka ya 1960, Kampala na Nairobi zilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani palipobainika kwamba uvimbe mkubwa waweza kuyeyuka kwa dawa pasipo kisu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967. Leo mtu wa Kisauni halazimiki tena kwenda Nairobi kwa ajili ya kila chupa. Huvuka daraja la Nyali akaenda kisiwani, katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo watu wengi wangali wakiiita Makadara, akatiwa dawa katika kituo chake cha saratani na kurudi kwake jioni. Neema hiyo ni kubwa, na kadiri inavyowafikia watu wengi, ndivyo mas'ala ya kirusi yanavyozidi kuwa ya kwetu.

Hesabu ya nchi nzima yatupa mwanga. Damu iliyokusanywa katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 wa ukimwi ilipimwa baadaye kwa homa ya ini ya B, ikaonekana kwamba katika Wakenya wa miaka 15 hadi 64, takriban wawili kati ya kila mia walikuwa na kirusi cha kudumu, na takriban 31 kati ya kila mia waliwahi kuambukizwa. Aisomaye hesabu ya kwanza peke yake hudhani kwamba jambo hili ni dogo. Aisomaye ya pili hufahamu kwamba, katika Wakenya watatu wazima wa wakati ule, karibu mmoja alikuwa na duara la kirusi limelala katika ini lake. Nchini Uganda, uchunguzi wa 2016 na 2017 ulikuta watu wazima wapatao wanne kati ya kila mia wana kirusi dhahiri.

Tuongeze hapo khabari ya chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini ya B mwaka 2001, ndani ya ile sindano inayokusanya kinga za maradhi matano, nayo hutolewa mtoto akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Kijana wa Mjambere aliyezaliwa mwaka 2003 yamkini amekingwa. Mama yake na bibi yake, ambao ndio walio katika umri wa saratani, hawakukingwa. Kwa miaka mingi ijayo, basi, wengi wa watakaoketi katika viti vya kemo vya Mombasa watakuwa ni watu waliozaliwa kabla ya chanjo, kutoka kila upande wa nchi, kwani Kisauni imekusanya Wamijikenda na Waswahili, Wabajuni na Wakamba, watu wa ziwani na watu wa bara. Kadhalika wamo miongoni mwao vijana waliowahi kujidunga heroini, balaa iliyoikumba pwani kwa miaka mingi, na sindano ya kupokezana ni njia iliyo wazi ya kirusi hiki. Nao wakipatwa na saratani wana haki ya kuulizwa na kupimwa pasipo kudharauliwa.

Hoja za wanaositasita

Pamoja na ithibati zote hizo, kupima kabla ya kemo hakujawa desturi isiyovunjwa. Hata katika nchi tajiri uchunguzi umeonyesha mara kwa mara kwamba wagonjwa wengi huanza dawa bila ya kupimwa. Hoja zinazotolewa ni kadha, na insafu yataka kila moja ipewe jibu.

Hoja ya kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba jamaa ya mgonjwa wa saratani huwa imekwisha kuuza ilicho nacho, na kila karatasi ya maabara ni mzigo juu ya mzigo. Lakini kipimo cha ganda la kirusi ni cha tone la damu, hutoa jibu katika muda wa dakika, na bei yake haikaribii bei ya duru moja ya dawa za saratani, sembuse gharama ya kulazwa kwa ini lililofeli. Damu inayotolewa na wahisani hupimwa kirusi hiki hiki kabla ya kutiwa mtu, na watu wengi hujua hali zao siku ya kujitolea damu. Basi ikiwa tumeona ni wajibu kuipima damu ya mtoaji, vipi tuone ni anasa kuipima damu ya mgonjwa?

Hoja ya pili ni kuchelewa. Tabibu mwenye mgonjwa wa limfoma inayokua kila siku huogopa kupoteza hata wiki moja. Jibu lake limo katika mwongozo wa mwaka 2020 wa jumuiya ya matabibu wa saratani wa Marekani, ASCO, usemao kwamba kila anayetarajiwa kutiwa dawa za saratani apimwe vipimo vitatu, cha ganda la kirusi, cha kingamwili za kiini, na cha kingamwili za ganda, na kwamba tiba isicheleweshwe kwa kungoja majibu. Damu itolewe, dawa ianze ikiwa hapana budi, na majibu yafuatwe mpaka yapatikane.

Hoja ya tatu yasema wapimwe wale tu wenye mwenendo au historia ya kutiliwa shaka. Hoja hii yafaa mahali ambapo maradhi ni haba. Hapa kwetu, ambapo watu wengi waliambukizwa wakiwa wachanga, kumwuliza mtu juu ya mwenendo wake ni kumtia haya bila ya kupata jibu, kwa kuwa jibu halijui.

Hoja ya nne ni nzito kuliko zote, nayo ni kwamba kipimo cha ganda chatosha. Kwa kemo zilizo nyingi kipimo hicho huwanasa walio katika khatari kubwa, wale wa fungu la pili, na mahali pasipo na kingine ni bora mara elfu kuliko kutopima. Lakini kwa mgonjwa atakayetiwa rituximab, au atakayepandikizwa uboho, hakitoshi, kwani huliacha fungu la tatu zima gizani. Mahali ambapo vipimo vya kiini ni vichache, busara ni kuwatangulizia wagonjwa hao vipimo hivyo.

Iko pia khofu isiyosemwa, ya mgonjwa mwenyewe, kwamba akionekana na kirusi atahesabiwa mzinzi, na nyumba yake iingie maneno. Khofu hii haiondolewi kwa kuidharau. Huondolewa na tabibu au muuguzi anayechukua muda kumweleza mgonjwa, na mumewe au mkewe ikiwa ameridhia, kwamba maambukizo mengi ya nchi zetu ni ya utotoni, na kwamba jibu la maabara halimshitaki mtu yeyote.

Kidonge na miezi yake

Aliyeonekana na kirusi dhahiri hazuiwi kutibiwa saratani yake. Jambo hili laelekea kusahauliwa, na watu hukataa kupimwa wakidhani kwamba watanyimwa kemo. Analopaswa kupata ni dawa ya kukizuia kirusi, ianze kabla ya kemo au pamoja nayo. Lamivudine, iliyotumiwa zamani, kirusi huizoea upesi; katika wagonjwa 121 wa China waliokuwa wakitiwa rituximab na kemo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioikinga miili yao kwa entecavir hakuna aliyepata homa ya ini ya kuamkiwa, ilhali waliopewa lamivudine walipata 13 kati ya kila 100. Iliyo karibu nasi zaidi ni tenofovir, na ukaribu wake una sababu: ndiyo nguzo ya kile kidonge cha mara moja kwa siku wanachomeza watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi katika Kenya. Dawa imo nchini, wafamasia wanaijua, na wauguzi wamezoea kuitoa. Kilichobaki ni kuufungua mlango baina ya chumba cha ukimwi na chumba cha saratani, ili mgonjwa asiye na ukimwi naye aweze kuipata bila ya kuzungushwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa wa saratani anayeishi na virusi vya ukimwi na ambaye yumo katika dawa zenye tenofovir huwa amekwisha kukingwa na janga hili. Na tabibu anayetaka kumbadilishia dawa hizo ahakikishe kwanza hali ya homa ya ini, kwani kuiondoa tenofovir kwa mtu mwenye kirusi huweza peke yake kukiamsha. Figo nazo ziangaliwe, madhali tenofovir huweza kuzidhuru, na ziko dawa za saratani zenye tabia kama hiyo.

Penye kosa kubwa ni mwisho wa safari. Kidonge hakikomi siku kemo inapokoma. Kwa kemo za kawaida huendelea kwa muda usiopungua miezi 12 baada ya dozi ya mwisho, na kwa rituximab mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 wataka miezi 18, kisha damu iendelee kupimwa kwa muda baada ya hapo. Huu ndio wakati ambao mgonjwa anajiona mzima, nauli ya kuvuka daraja inaonekana ni ya kupoteza, na jirani aliyeliona kopo la dawa amekwisha kusema kwamba ni dawa ya ukimwi; akiacha wakati huo, ndipo lile shambulio la daraja ya pili linapomkuta nyumbani, mbali na macho ya matabibu. Kwa hiyo mwenye kutoa dawa aandike tarehe ya mwisho wake katika kadi ya mgonjwa, wala asiiache katika kumbukumbu ya mtu.

Dhima ya kila mmoja

Kituo kinachotoa kemo kina dhima ya kuiweka homa ya ini ya B katika karatasi ile ile ambayo huandikwa uzito wa mgonjwa na hesabu ya damu yake, ili pasiwe na dozi ya kwanza pasipo jibu, au pasipo sababu iliyoandikwa ya kukosekana kwake. Serikali ya kaunti na ile ya taifa zina dhima ya kuhakikisha kwamba vipimo vya kiini vinapatikana Mombasa na kwamba tenofovir inawafikia wagonjwa wa saratani kwa njia rasmi. Kenya ina mwongozo wake wa kutibu homa ya ini ya B na ya C tangu mwaka 2014, na bima ya afya ya umma inayolipa dozi za kemo ina kila sababu ya kulipia pamoja nazo kipimo kinachozilinda dozi hizo zisikatizwe.

Ewe mgonjwa, na wewe uliyemshika mkono mgonjwa katika matatu ya kuelekea kisiwani: kabla ya chupa ya kwanza, uliza kwa adabu na kwa uwazi ikiwa damu imepimwa homa ya ini ya B, na majibu yake ni nini. Mwambie tabibu ikiwa uliwahi kugeuka manjano, au ikiwa mama au ndugu wa tumbo moja alifariki kwa maradhi ya ini. Usinunue steroidi dukani bila ya ushauri. Na ikiwa mmoja wenu ameonekana na kirusi, jamaa wengine wa nyumba wapimwe, na wasio nacho wachanjwe. Mtu mzima huchanjwa sindano tatu katika muda wa miezi sita, na sindano hizo ni kinga ya ini lake na vilevile ni kinga ya siku ambayo yeye mwenyewe, Mungu apishe mbali, atahitaji dawa za saratani.

Hukumu yetu ni hii: hapana mtu apaswaye kufa kwa homa ya ini ya B kwa sababu alitibiwa saratani, maadamu kirusi chake kinaonekana kwa tone la damu na kinazuiwa kwa kidonge cha kila siku. Kila kifo cha namna hiyo kitakachotokea Kisauni tangu leo kitakuwa ni kifo ambacho elimu ya kukizuia ilikuwapo, na dawa ya kukizuia ilikuwapo, na kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kabla.